Plagi ya Nne

Leo nimekuja na habari ya kifaa kinachoenea kiganjani, lakini ndicho kinacholaza abiria njiani kwenye mlima wa kutoka Wampembe kwenda Kitosi. Nazungumzia plagi ya gari la petroli. Na katika plagi, naitaka hasa ile ya nyuma kabisa, ambayo mkono wa fundi hauifikii mpaka viti vinyanyuliwe na mfuniko ufunguliwe, na ambayo kila gari likipelekwa gereji inaachwa palepale kwa neno moja: hiyo bado nzima.

Watu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika hawana haja ya kufundishwa plagi ni nini. Kuanzia Kirando na Kipili, ukipita Ninde na Wampembe mpaka Kala na Kasanga, boti za mbao zinazobeba abiria, dagaa na migebuka zinasukumwa na mashine za petroli zinazofungwa nyuma ya boti. Nyingi ni za aina ile ambayo oili huchanganywa kwenye petroli, vikaungua pamoja. Oili ikiungua huacha masizi, na masizi hukaa kwenye ncha ya plagi. Kwa hiyo mwendesha boti makini haondoki ufukweni bila spana ya plagi na plagi za akiba zilizofungwa kwenye nailoni zisiguswe na maji. Mashine ikianza kukohoa huko kwenye maji mengi, anainua mfuniko, anafungua plagi, anaitazama, anaifuta, anaisugua kwa brashi ya waya, anairudisha, safari inaendelea. Watoto wa Wampembe wamekua wakiiona kazi hiyo.

Sasa mchukue mtu huyohuyo mwenye boti. Biashara ikamnyookea, akanunua Noah ya kupandisha abiria na samaki kwenda juu, Namanyere na Sumbawanga. Mashine ya boti anaitunza kama inavyotakiwa. Plagi za Noah hajawahi kuziona kwa macho yake tangu gari lishuke bandarini Dar es Salaam. Wala hatuwezi kusema hajui umuhimu wake, anaujua sana. Ni kwamba za boti ziko mbele ya macho yake, na za Noah amezikalia.

Amezikalia kweli. Noah ya mwanzo, ile iliyotengenezwa na Toyota kati ya mwaka 1996 na 2001, haina injini mbele kama saluni. Injini imewekwa chini ya viti vya mbele. Nyingi zilizoingia Tanzania zina injini ya petroli ya 3S, silinda 4, ujazo wa lita 2. Plagi zake zimezama ndani ya mashimo marefu katikati ya silinda hedi, kila moja imefunikwa na mpira mrefu wa waya wake. Fundi anapaswa kunyanyua viti, kukunja zulia, kufungua mfuniko wa injini, kisha afanye kazi akiwa amepinda mgongo mlangoni. Za mbele atazipata bila tabu kubwa. Akifika ya nne, ile ya nyuma, spana haina pa kuzungukia vizuri na macho hayaoni anachokishika. Kirikuu, yaani Suzuki Carry ya sisi 660, nayo imekaliwa namna hiyohiyo, ila yenyewe ina silinda 3. Hiace za petroli ni ndugu zake.

Pale Sumbawanga mjini wapo wenye mzigo mkubwa kuliko huo. Harrier ya toleo la kwanza yenye injini ya lita 3, na Kluger zenye injini kama hiyo, zina silinda 6 zilizopangwa kwa umbo la V, tena injini imelazwa kwa upana wa gari. Ukifungua boneti unaziona plagi 3 za mbele, unazitoa bila shida. Nyingine 3 zimeelekea nyuma, kwenye ule ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva, na juu yake pamelala manifodi ya kuingizia hewa. Wapo mafundi wenye mikono myembamba na uvumilivu wanaozitoa kwa kupapasa. Njia ya uhakika ni kuishusha ile manifodi ya juu, ufanye kazi ukiwa unaona, kisha uirudishe kwa gasketi mpya. Hiyo ni kazi ya nusu siku, na gasketi lazima iwe imenunuliwa kabla bolti ya kwanza haijalegezwa.

Nirudi mlimani, kwa sababu hapo ndipo plagi mbovu inapojulikana.

Dereva atakuapia kwamba gari lilikuwa zima. Limetembea Chala, limetembea Namanyere, halikuwa na neno. Limeshuka Wampembe vizuri. Asubuhi limepakia watu na magunia, limeanza kupanda, likaanza kumisi. Linatetemeka, linakosa nguvu, sailensa inapiga mabomu, mwishowe abiria wanaambiwa washuke wapande kwa miguu hadi kwenye tambarare. Abiria wanaamini dereva anawadanganya. Dereva anaamini petroli aliyouziwa kwenye dumu imechanganywa na maji au mafuta ya taa. Inawezekana, yapo mambo hayo. Lakini mara nyingi jibu liko chini ya kiti.

Cheche ya plagi ni umeme unaoruka nafasi ndogo, kwa magari mengi ya aina hii ni milimita 1.1 au karibu na hapo. Betri inatoa volti 12, koili inaukuza umeme huo mpaka volti elfu nyingi, hata kupita 20,000, ili uweze kuruka. Na hewa ikibanwa zaidi, cheche inahitaji nguvu zaidi kuipita. Ukiwa tambarare umekanyaga mafuta kidogo, silinda inavuta hewa kidogo, mbano si mkubwa, hata plagi iliyochoka inaweza kurusha cheche. Ukianza kupanda na mzigo unakanyaga mpaka chini, silinda inajaa, mbano unapanda, ni sawa na kuwasha kiberiti upepo wa ziwa unapovuma. Plagi ambayo ncha zake zimelika mpaka nafasi imefikia milimita 1.5 inashindwa hapo. Umeme ukikosa njia ya kuruka ndani unatafuta njia nyingine, unatoboa mpira wa waya uliozeeka na kukimbilia kwenye chuma cha injini. Petroli ya silinda hiyo inatoka bila kuungua.

Hesabu yake ni nyepesi. Injini ya silinda 4 ikikosa silinda moja imepoteza robo ya nguvu zake, tena zile tatu nzima zinalazimika kuizungusha ile iliyokufa. Nguvu iliyopotea ndiyo ile uliyokuwa unaihitaji mlimani.

Hasara haiishii kwenye safari iliyokatika. Petroli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda, na ringi zinasaga chuma kikavu. Inayobaki inakwenda kwenye sailensa, inaungulia ndani ya masega ya kusafishia moshi, masega yanapata joto kupita kiasi na kuyeyuka. Masega yakiyeyuka yanaziba, gari linakosa pumzi, na hapo mwenye gari anaambiwa injini imekwisha. Nimewasikia watu wakiuza gari kwa bei ya kutupa kwa ugonjwa ulioanzia kwenye plagi moja.

Basi kwa nini plagi hiyo haibadilishwi? Hapa ndipo kwenye neno langu la leo, na naomba wenye magari wanisikilize bila kukasirika.

Haibadilishwi kwa sababu hatutaki kuilipia. Tajiri, yaani mwenye gari, anafika gereji, anauliza ufundi wa plagi ni kiasi gani. Fundi anataja bei. Tajiri anashangaa, anasema kazi ya kufungua plagi 4 na kufunga plagi 4, kwa Corolla alilipa pungufu ya nusu. Wanavutana, fundi anakubali bei ya Corolla kwa sababu siku imekuwa kavu na nyumbani wanasubiri unga. Kisha anafanya kazi ya bei ya Corolla. Anatoa mbili za mbele, au tatu, anaweka mpya. Ile ya nyuma anaigusa kwa spana, anaona imekaba, anaiacha. Plagi mpya iliyobaki inabaki gereji. Gari linawaka vizuri, maana plagi tatu mpya zinasikika, na tajiri anaondoka akiamini amebadilisha zote.

Simtetei fundi anayefanya hivyo. Kuchukua pesa ya plagi 4 ukafunga 3 ni wizi, na kwenye barabara kama ya Wampembe ni hatari pia, maana gari lililojaa watu likikosa nguvu kwenye kona ya mlima halafu likaanza kurudi nyuma, breki ndiyo tegemeo pekee lililobaki. Lakini tajiri naye ana mkono wake katika wizi huo. Amenunua saa moja ya kazi, akadai kazi ya saa tatu. Bei ya ufundi ipimwe kwa mahali plagi ilipo na muda unaotumika kuifikia. Idadi ya plagi haisemi lolote.

Na sisi watu wa Rukwa tusiseme heshima ya ufundi ni jambo la kigeni. Ufipa yetu ni nchi ya wafua chuma. Wazee wetu waliyeyusha mawe ya chuma kwenye matanuri marefu ya udongo, malungu, marefu kupita kimo cha mtu, yaliyovuta hewa yenyewe kupitia matundu ya chini bila kupulizwa kwa mivukuto. Mabaki yake bado yamesimama sehemu mbalimbali za uwanda wa juu, na mtumishi mmoja wa serikali ya kikoloni, Greig, aliiandika kazi hiyo mwaka 1937. Kazi yote ya matanuri hayo ilitegemea moto na hewa kukutana kwa kipimo sahihi mahali ambapo jicho halifiki. Ndiyo kazi ileile inayofanyika ndani ya silinda.

Sasa nieleze kazi yenyewe inavyotakiwa kufanywa, ili mwenye gari ajue anachokilipia, na kijana anayejifunza chini ya mwembe apate kitu cha kushika.

Kwanza, injini iwe ya baridi. Gari lilale gereji, kazi ianze asubuhi. Silinda hedi ya injini hizi ni ya aluminiamu, na plagi ina meno ya chuma. Aluminiamu ikiwa ya moto ni laini, ukilazimisha plagi itoke inaweza kutoka na meno ya hedi. Hapo kazi ya asubuhi moja inageuka kuwa kazi ya kushusha hedi na kuipeleka kwa mchonga vyuma. Dereva anayesema tufungue haraka nina abiria wanasubiri, fundi amkatalie.

Pili, vumbi. Barabara ya kushuka ziwani kiangazi ni vumbi tupu, na vumbi hilo linaingia chini ya viti, linakaa kwenye mashimo ya plagi. Ukitoa plagi bila kulisafisha, lote linaangukia ndani ya silinda, linakuwa msasa. Mahali penye kompresa, pulizia. Mahali pasipo na kompresa, pampu ya baiskeli inatosha, ukiiunganishia mrija mwembamba unaofika chini ya shimo. Pulizia, legeza plagi robo mzunguko tu, pulizia tena, ndipo uitoe. Vumbi lililoshikwa kwenye kingo za plagi hulegea ukiizungusha mara ya kwanza, ndiyo sababu ya kupulizia mara mbili.

Waya zinapochomolewa, shika mpira wake wa chini, uzungushe kidogo, uvute. Ukivuta waya wenyewe unakatika ndani na kwa nje hutaona kitu. Andika namba kwenye kila waya kwa kalamu au kwa utepe. Injini ya 3S inawaka kwa mpangilio wa 1, 3, 4, 2, na waya mbili zikibadilishana injini itapiga mabomu au haitawaka kabisa.

Kwa ile ya nyuma, unahitaji soketi ndefu ya plagi yenye mpira ndani wa kuishika isidondoke, ekstensheni mbili za urefu tofauti, na kile kiungo cha kukunja, yunivesali. Siri ya mafundi wazuri ni kuziunganisha kipandekipande: soketi inaingizwa kwanza peke yake ndani ya shimo, kisha ekstensheni inachomekwa juu yake, kisha racheti mwisho. Vikiunganishwa nje kabla ya kuingizwa, havipiti.

Plagi ikikaba usishindane nayo. Legeza kidogo mpaka uisikie inakataa, mimina mafuta ya kulainisha kutu, subiri, rudisha kwa kukaza kidogo, legeza tena, mbele na nyuma, mpaka ikubali. Uvumilivu wa namna hiyo unatakiwa hata huko walikotokea wenye viwanda. Marekani, kampuni ya Ford ilitengeneza injini ya V8 ya lita 5.4 iliyofungwa kwenye magari yake ya pikapu kati ya mwaka 2004 na 2008, ikiwa na plagi ya umbo refu la pekee ambayo sehemu yake ya chini iliganda kwa masizi ndani ya hedi. Mafundi walipoivuta, ilikatika, nusu ikabaki ndani. Ford wenyewe ilibidi watoe maelekezo maalumu: legeza kidogo sana, mimina dawa ya kulainisha masizi, subiri, ndipo uendelee taratibu. Mwenye kiwanda akisema subiri, fundi wa Namanyere asione aibu kusubiri.

Plagi zikitoka, zipangwe juu ya kitambaa kwa mfuatano wa silinda zake. Hili nalisisitiza, maana plagi ya zamani ni cheti cha daktari kwa silinda yake. Ncha ya rangi ya kahawia nyepesi au kijivu, silinda ni nzima. Ikiwa nyeusi, kavu, ya masizi, petroli inaingia nyingi kuliko hewa, au cheche ni dhaifu. Ikiwa nyeusi na yenye utelezi wa oili, oili inapenya kwenye silinda, na hapo plagi mpya haitakusaidia kwa muda mrefu. Ikiwa nyeupe kama chokaa, silinda inapata joto kali, hewa imezidi petroli, au umefungiwa plagi isiyo ya gari hilo. Na ukikuta oili imejaa ndani ya shimo lenyewe juu ya plagi, tatizo ni zile sili za mpira za mfuniko wa valvu, zibadilishwe siku hiyohiyo, maana oili inaozesha mpira wa waya.

Hapa Ufipa kuna jambo la pekee kwa magari ya kabureta, pikapu za zamani na baadhi ya kirikuu. Ziwa liko kama mita 770 kutoka usawa wa bahari. Sumbawanga mjini ni takriban mita 1,800. Ukipanda kutoka kimo kimoja hadi kingine, hewa inapungua uzito kwa takriban asilimia 10. Injini ya kisasa inapima hewa na kupunguza petroli yenyewe. Kabureta haina ujanja huo. Iliyorekebishwa vizuri ikiwa Wampembe, ikifika juu inakunywa petroli iliyozidi na plagi zinavaa masizi. Kwa hiyo ukisoma plagi nyeusi kwenye gari la kabureta, uliza kwanza gari linashinda wapi na lilirekebishwa wapi, kabla hujaanza kubadilisha vifaa.

Kufunga kuna hatari kubwa kuliko kufungua. Plagi isiingizwe kwa racheti. Chukua kipande cha mpira wa petroli, kama urefu wa kiganja na nusu, kichomeke kwenye kichwa cha plagi, uishushe shimoni, uzungushe mpira kwa vidole. Meno yakikutana sawa, plagi inashuka yenyewe. Ikianza kwenda upande, mpira unateleza kabla meno hayajaharibika. Kwa plagi usiyoiona hakuna njia salama kuliko hiyo, na gharama yake ni kipande cha mpira. Ikishafika chini na kugusa, ndipo uweke spana. Kwa plagi mpya zenye washa, za meno ya milimita 14 kama hizi, watengenezaji wanaelekeza nusu mzunguko hadi theluthi mbili za mzunguko, basi. Plagi iliyowahi kufungwa inahitaji kidogo tu, maana washa yake imeshabonyea. Kukaza kwa nguvu zote ukidhani ndiyo uimara ndiko kunakomfanya fundi ajaye avunje plagi. Wala usipake grisi kwenye meno. NGK, watengenezaji wa plagi, wanakataza, kwa sababu plagi zao zimepakwa madini ya kuzuia kutu, na grisi inamfanya mtu akaze kupita kipimo bila kujua.

Kuhusu aina ya kununua, mimi nina msimamo. Plagi ya kawaida ya nikeli inadumu kama kilomita 20,000 hadi 30,000. Zile za iridiamu au platinamu za muda mrefu zinaweza kufika kilomita 100,000. Kwa gari ambalo plagi zake zinafikika, nunua za kawaida, zikichoka badilisha. Kwa gari la plagi zilizofichika, toa pesa zaidi ununue za muda mrefu, maana gharama kubwa ni ile ya kuzifikia. Ila ndugu zangu wa boti, ile brashi ya waya msiipeleke kwenye iridiamu. Ncha yake ni nyembamba kama sindano, brashi inaiharibu.

Za bandia zipo nyingi, na majina makubwa kama NGK na Denso ndiyo yanayoigwa zaidi. Nunua kwa mwenye duka anayekupa risiti, linganisha namba ya plagi na ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, tazama kama ncha zimekaa katikati na maandishi hayafutiki kwa kidole. Ukiuziwa bandia, Tume ya Ushindani ndiyo yenye kazi ya kupambana na bidhaa hizo, na malalamiko yenye risiti yana nguvu kuliko manung'uniko ya kijiweni.

Nina ombi kwa VETA pia, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini, na hilo ni jambo jema. Katika kuwapima mafundi wa mkoa huu, injini iliyo chini ya kiti iwe sehemu ya mtihani, kwa kuwa magari yanayobeba watu wa vijijini ndiyo hayo, Noah, Hiace na kirikuu. Fundi aliyepimwa kwenye injini iliyowekwa wazi juu ya stendi hajapimwa kwa kazi atakayoifanya.

Na kwako dereva. Wewe ndiye unayejua gari linavyokohoa, lakini huna sauti mbele ya tajiri, unaogopa ukisema gari linahitaji siku nzima gereji utaulizwa hesabu ya siku hiyo itatoka wapi. Mwambie. Siku moja gereji ni hesabu ya siku moja. Gari likifa mlimani unapoteza siku hiyo, unapoteza nyingine ya kusubiri gari la kuvuta, na samaki waliokuwa ndani wanaharibika.

Mvua za Ufipa huanza Novemba, na barabara ya Wampembe ikishalowa hakuna gari la kukusaidia kwa haraka. Tajiri mwenye gari linaloshuka huko, lipeleke gereji mwezi Oktoba. Kubaliana na fundi bei ya kuzifikia plagi zote, ile ya nyuma ikiwemo, umlipe bila kumpunguzia. Na kabla hujaondoka, akukabidhi mkononi za zamani zote, 4 kwa Noah, 3 kwa kirikuu, 6 kwa Harrier ile. Zikipungua, kazi haijaisha.